Msamba Hauna Msemaji

Mtoto akizaliwa Handeni, habari zake hufika Korogwe kabla kitovu hakijafungwa. Wangu hata sijamshika vizuri, shangazi aliyeko Manundu alishajua ni wa kike, ana kilo ngapi, na kwamba masikio ni ya ukoo wa baba yake. Simu zikaanza. Hongera! Ananyonya? Analala? Kafanana na nani? Baba mtoto naye akapewa hongera za mkono mpaka akachoka, kwa mchango alioutoa miezi tisa nyuma na ambao, nikumbukavyo, haukuchukua muda.

Hakuna aliyeuliza mimi nimekalia nini.

Kwa faida ya wasiouliza: sijakalia kitu. Safu hii naiandika nimelala ubavu wa kushoto, nikichoka nitahamia wa kulia, na mhariri akiona sentensi imepinda ajue ndipo nilipogeuka.

Kati ya njia ya uzazi na njia ya haja kubwa pana kipande cha nyama kiitwacho msamba. Ni kidogo, hakitajwi barazani, na mwenye nacho anaweza kuishi miaka asikumbuke kwamba anacho. Siku ya kuzaa ndicho kinachotakiwa kutanuka mpaka kichwa cha binadamu kipite. Kwa uzazi wa kwanza mara nyingi kinachanika, au mkunga anakikata kwa mkasi, ndiko huko kuongezewa njia. Halafu kinashonwa, kinafunikwa, na kinasahauliwa na kila mtu isipokuwa mwenyewe. Tumbo la mzazi lina watu wa kulikanda. Matiti yana watu wa kuyahangaikia. Kitovu cha mtoto kina wazee wanaofuatilia kitadondokea wapi. Msamba hauna msemaji.

Mimi ni mkazi wa Chanika, mjini Handeni. Utani unaoufikiria sasa hivi juu ya jina la kata yangu na hali yangu nimeshausikia. Shemeji aliutoa wodini, akacheka peke yake, akanisababishia nami nicheke, na kucheka siku ile lilikuwa jambo la kulipia.

Wakunga wana madaraja yao. Daraja la kwanza ni ngozi tu. La pili ni ngozi pamoja na misuli ya msamba. La tatu, mpasuko umefika kwenye msuli unaobana haja kubwa. La nne umepita hapo mpaka ukuta wa utumbo wenyewe. Yaani ni matokeo ya kidato cha nne: la kwanza ndilo la kuombea, na la nne linakupeleka kwa watu wazito wakae kikao juu yako. Mimi nilipata la pili, na sherehe haikuwepo. Walau la pili mkunga mzoefu analimaliza palepale kwa ganzi. La tatu na la nne si ya kushonwa juu juu, yanataka daktari mwenye ujuzi, mwanga wa kutosha na chumba cha upasuaji.

Si kwamba hakuna kabisa anayegusia jambo hili. Wageni wa kike wanaligusia, wakishahakikisha wanaume wametoka, wakishavuta mkeka karibu. Wanainama, wananong'ona: "Nyuzi ngapi?"

Usidhani ni huruma. Ni mashindano. Kila mmoja ana idadi yake, na idadi hiyo hupanda kila mwaka. Mama mmoja wa jirani alitaja nyuzi ambazo, kama kweli, hospitali ile ilikaa mwezi mzima bila uzi. Bibi yangu, aliyekulia kwenye mashamba ya mkonge ya Ngombezi, yeye hakutaka idadi. Alitaka kujua ni uzi wa nini, maana haamini kwamba kuna kamba duniani ya kushinda katani. Nilipomwambia nyuzi za siku hizi zinayeyuka zenyewe baada ya wiki kadhaa, hakuna wa kuzitoa, akanitazama kwa masikitiko. Amejua nimeuziwa bandia.

Na idadi yenyewe haina maana yoyote. Wakunga wengi siku hizi hushona kwa uzi mmoja unaokwenda mfululizo kutoka ndani hadi juu, na tafiti zimeonyesha kwamba mshono wa namna hiyo huuma kidogo kuliko ule wa fundo moja moja. Kwa hiyo jibu sahihi la "nyuzi ngapi?" kwa wengi wetu ni "mmoja." Nililitoa jibu hilo mbele ya wageni. Nikaonekana nadeka.

Hospitali niliyojifungulia siitaji, kwa sababu bado tunaonana na sindano wanazishika wao. Muuguzi wa zamu alinipa maelekezo kwa pumzi moja, akiwa ameshageukia kitanda cha pili: uwe msafi, badilisha pedi mara kwa mara, nawa mikono kabla na baada, usiweke chochote kwenye kidonda, kuanzia kesho kalia maji ya vuguvugu mara tatu kwa siku, haya mwingine.

Maelekezo mazuri, sina neno. Sasa yapige hesabu ukiwa Handeni. Beseni la kumtosha mtu mzima kukalia linataka lita kumi hivi. Mara tatu ni lita 30, yaani dumu moja na nusu kwa siku, kwa ajili ya sehemu moja ya mwili isiyozidi kiganja. Na hapo hujaoga, hujafua nepi, hujapika uji. Maji yetu sisi yanatoka Mto Pangani, upande wa Korogwe, yanavutwa kwa lile bomba kubwa ambalo kila mtu hapa analiita HTM, na sasa tumo pia katika ule mradi wa maji wa miji 28 unaojengwa kwa mkopo wa India. Siku maji yanapotoka tunashukuru. Siku yasipotoka, dumu linakuja kwa bodaboda na linalipiwa. Mama mkwe, ambaye ameishi Handeni tangu enzi za kusubiri maji usiku kucha, alilitazama beseni langu, akanitazama mimi, akasema kwa upole wote, "Mama, haya maji ukishayakalia, hayawezi kumwagilia mchicha?"

Hapo mama yangu mzazi akapiga simu kutoka Korogwe. Maji yako huku, akasema. Mto unapita hapa. Arobaini ataimalizia kwetu.

Kutoka Handeni hadi Korogwe ni kilomita 65 za lami. Lami yenyewe haina kosa. Ugomvi wangu ni na matuta. Kila kijiji kina shule, kila shule ina matuta, na kila tuta dereva analikumbuka akishakuwa juu yake. Nilipanda Noah nikaomba nikae kiupande. Konda akasema, "Dada, kaa vizuri, hiyo siti ni ya watu wanne." Nikamweleza kwamba mimi ni mzazi. Gari zima likashangilia, likageuka kumtazama mtoto. Hongera! Kafanana na nani?

Tulipokaribia Sindeni, bibi mmoja aliyekaa nyuma yangu, ambaye hakuwa amesema hata neno, alivua khanga yake ya juu, akaikunja, akaizungusha ikawa ngata kubwa, ile ile ya kubebea ndoo kichwani, akaisukuma chini yangu. "Kalia hiyo, mwanangu. Egemea tako moja." Hakuuliza nyuzi. Hakuuliza mtoto kafanana na nani. Akarudi kusinzia. Kwa mujibu wa takwimu zangu binafsi yule ndiye mtaalamu pekee wa afya ya uzazi niliyekutana naye barabarani mwaka huu. Mkunga alinionya baadaye nisiikalie ngata muda mrefu, kwa sababu tundu la katikati linaacha sehemu yenye kidonda inaning'inia na kuvimba, na kwamba kulala ubavu ndiyo dawa. Sawa. Lakini Noah za Korogwe hazina vitanda.

Nyumbani kwa mama nilikuta maji ya kutosha, na yote yalikuwa jikoni yanachemka.

Mnajua mambo ya arobaini ya kwetu. Mzazi anakandwa. Anakunywa uji wa pilipili manga. Anafungwa tumbo kwa khanga. Dirisha linafungwa, mlango unarudishiwa, feni inazimwa, na adui wa taifa ni baridi. Baridi ikikuingia, mama anasema, itakaa kiunoni mpaka uzeeni, na utamkumbuka aliyekuonya. Sasa mimi, mwenye simu janja na muda mwingi wa kulala ubavu, nilikuwa nimesoma kwamba Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2022, linashauri maumivu ya msamba siku za mwanzo yatulizwe kwa kitu gani? Kwa barafu.

Nililisema neno hilo chumbani. Bibi akatafuta tasbihi yake.

Mazungumzo ya amani yalidumu mchana mzima, wifi akiwa msuluhishi. Niliwaeleza kwamba hata wazungu hawaukatai moto: mwongozo wa shirika hilohilo wa mwaka 2018 unashauri mkunga aweke kitambaa cha maji ya moto kiasi kwenye msamba wakati mzazi anasukuma, kwa sababu nyama ikipata joto inalainika na mipasuko mikubwa inapungua. Na mwongozo huohuo unakataa kumwongezea kila mzazi njia kwa mazoea tu. Kwa hiyo mama hakukosea kuhusu joto. Amechelewa tu. Kabla ya mtoto kutoka, joto. Akishatoka na pale pamevimba, baridi, ili mishipa isinyae, uvimbe upungue na maumivu yafe ganzi. Joto la vuguvugu linarudi baadaye, kwenye beseni.

Hatimaye tukagawana mwili. Kuanzia kiunoni kwenda juu ni eneo la mama, na humo ana mamlaka kamili ya kukanda, kufunga na kunywesha. Kuanzia kiunoni kwenda chini ni eneo la Shirika la Afya Duniani. Mpaka ni fundo la khanga.

Mkataba ukishapatikana, ikabaki kutafuta barafu yenyewe. Mtaani Manundu barafu zipo, zinauzwa na watoto, kwenye vifuko virefu vyembamba. Nikamtuma mpwa wangu alete za maji matupu. Akarudi na ujumbe kwamba za maji hawauzi, kuna za ukwaju na za ubuyu, nachagua ipi? Kwa kidonda changu, nikaona ubuyu ni mpole zaidi. Niliifunga kwenye kitambaa kisafi, maana barafu haiwekwi moja kwa moja kwenye ngozi, inaunguza kwa namna yake, na nikaiacha kwa dakika kumi na kitu, kisha nikapumzika. Jamani. Kwa mara ya kwanza tangu nijifungue nilimtazama mwanangu nikaona kweli ni mzuri.

Mama akaingia. "Astaghfirullah! Unakalia ubuyu?"

Mpwa wangu, aliyekuwa mlangoni, aliuliza kama nikimaliza atapewa. Alipoelezwa matumizi yake akatafakari kidogo, na tangu hapo hali barafu nyumbani kwetu.

Eneo la kusini halikukosa wavamizi. Shangazi alikuja na wazo la nyungu: nikae kwenye kigoda, chini yake sufuria la maji yanayotokota na majani, nifunikwe blanketi, mvuke upande "ukakaushe ndani." Nikamuuliza kama yeye angemkausha mtu aliyeshonwa mkono kwa kumshikilia mkono juu ya sufuria. Akasema mkono si sawa na huko. Ndiyo, shangazi, si sawa: huko ngozi ni laini zaidi na inaungua haraka zaidi. Akatoa majani ya mwarobaini, kwamba maji yake yanatibu magonjwa arobaini. Nikamwambia mimi nina moja. Halafu bibi mkandaji naye, mikono yake Mungu aibariki kwa mgongo wangu, alitaka kushuka na taulo la moto hadi mpakani na kuuvuka. Nikashika fundo la khanga kwa mikono miwili. Maji yanayounguza hayaharakishi nyuzi kuyeyuka. Yanaunguza, basi.

Mama mwenyewe, kwa kuheshimu mkataba, alinipa beseni la vuguvugu kama muuguzi alivyosema. Ila alimimina chumvi. Nusu pakiti. Ubishi wa chumvi niliuacha uende, kwa sababu kuna watu walishausumbukia: mwaka 1988 huko Uingereza mkunga Jennifer Sleep na mwenzake Adrian Grant walichapisha utafiti wa wazazi 1,800, wengine wakioga maji yenye chumvi, wengine yenye dawa ya kuua vijidudu, wengine maji tu. Baada ya siku kumi maumivu ya wote yalikuwa yaleyale. Maji ndiyo yanayotuliza, chumvi inasindikiza. Nilimsomea mama. Akasema hao ni Waingereza, chumvi yao haina nguvu.

Sasa tufike chooni, maana nyote mnajua kwamba huko ndiko tunakoelekea.

Aliyebuni choo cha shimo hakuwahi kushonwa. Kuchuchumaa ukiwa na mshono wa msamba ni mtihani ambao hata wenye daraja la kwanza wanaweza kufeli. Mkojo unawasha pale unapogusa kidonda, na unajikuta umesimama nusu, umeinama nusu, umeshika ukuta, unasoma dua. Tiba yake ipo na ni yetu ya asili: kopo. Jaza maji ya vuguvugu, miminia taratibu pale pale wakati mkojo unatoka, unachanganyika na maji na makali yanakwisha. Ukimaliza osha kutoka mbele kwenda nyuma, usigeuze, ili ya nyuma yasihamie kwenye kidonda, kisha jikaushe kwa kugusagusa bila kusugua. Ulaya mzazi anauziwa chupa maalumu ya kazi hiyo, yenye mdomo uliopinda. Wanawake wa Tanga tumeishi na kopo chooni tangu mababu, na hakuna aliyetupa tuzo.

Haja kubwa ya kwanza ni hadithi nyingine. Niliiahirisha kwa visingizio vingi. Na kuiahirisha ndiko kunakoifanya iwe ngumu, na ikiwa ngumu ndipo kidonda kinapolia. Nyumbani walikuwa wananilisha wali, nyama, na uji mzito wenye pilipili manga, vitamu vyote, ila havina msaada wowote kwenye suala langu. Nilichohitaji ni papai, mchicha, maharage, machungwa ya Muheza na maji ya kunywa kila ninaponyonyesha. Ukifika wakati wenyewe, shika kitambaa kisafi, kibane kwenye mshono kwa mbele ili uusaidie, pumua, usikamue. Mshono hautafumuka kwa kwenda choo. Narudia kwa wenye hofu yangu: hautafumuka.

Kwa maumivu yenyewe, parasetamo. Mbili za miligramu 500 kila baada ya saa sita au nane, zisizidi nane kwa siku nzima. Baba mtoto alikuwa na wasiwasi kwamba dawa itaingia kwenye maziwa mtoto akalewa. Haimleweshi mtu, na ni salama kwa anayenyonyesha. Cha ajabu ni kwamba yeye mwenyewe kila akipiga chafya anakwenda duka la dawa muhimu kuchukua vidonge, ila mwanamke aliyeshonwa anatakiwa avumilie, eti ndiyo uzazi. Nani alisema? Aliyesema alikuwa amekaa.

Wifi naye hakubaki nyuma. Alinionyesha kwenye simu mazoezi ya kubana na kuachia misuli ya chini, polepole, mara kadhaa kwa siku, kwamba yanaongeza damu kwenye kidonda na kuzuia mkojo kuponyoka ukikohoa. Yaligunduliwa, akasoma, na daktari wa Marekani aitwaye Arnold Kegel, mwaka 1948. Bibi akaomba aelezwe upya. Akaelezwa. Akacheka mpaka akakohoa, na alipokohoa hakuna kilichoponyoka. Somo yake alimfundisha hayo angali msichana, ndani, kabla huyo daktari hajaandika kitu, ingawa si kwa ajili ya mkojo.

Kliniki nayo ina malalamiko yake. Ratiba ya nchi hii inamtaka mzazi aonekane ndani ya saa 48, kisha siku ya 7, ya 28 na ya 42. Unakwenda. Mtoto anavuliwa, anapimwa kwenye mizani, anachomwa sindano, anaandikwa kwenye kadi. Halafu wewe unaulizwa, mbele ya foleni, macho yakiwa kwenye kadi ya mtoto: "Mama, huna tatizo?" Unajibu huna. Ungejibuje? Ungetaja msamba mbele ya wanaume wawili waliosindikiza wake zao na kijana anayefagia?

Jambo hili lina ushahidi wake, tena wa mkoani kwetu. Watafiti wa Taasisi ya Afya ya Ifakara na Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani, katika mradi walioupa jina la Staha, waliwauliza wanawake 1,779 waliokuwa wakitoka kujifungua kwenye vituo vya Korogwe na Muheza kama walifokewa, walidharauliwa au walitelekezwa. Asilimia 19 hivi walisema ndiyo. Kisha wakawafuata 593 kati yao majumbani, wiki kadhaa baadaye. Safari hii waliosema ndiyo walikuwa asilimia 28. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2014. Baada ya hapo Korogwe wahudumu na wananchi waliketi wakaandikiana makubaliano ya heshima, na ripoti ya mwaka 2017 ilionyesha vitendo hivyo vimepungua sana kuliko kule ambako hawakufanya hivyo. Kumbe mambo yakisemwa yanarekebishika. Ila mwanamke hasemi mlangoni, anasema akishafika nyumbani akakaa. Sisi tusioweza kukaa tutasema lini?

Kwa hiyo safari ya mwisho nilisema. Nilimwomba muuguzi pazia, akalivuta, wala hakukasirika. Akaangalia, akasema panapona vizuri. Akanitajia ya kuogopa: maumivu yanayozidi badala ya kupungua, harufu mbaya, usaha, homa, mshono kuachia, damu inayolowesha pedi nzima ndani ya saa moja, na mkojo au haja kubwa kutoka bila hiari yako. Hayo hayasubiri siku ya kliniki, na hayasubiri arobaini iishe. Hilo la mwisho wanawake wengi hulificha kwa miaka, ilhali kama ni fistula inatibika, na hospitali ya CCBRT pale Dar es Salaam wanaitibu bure.

Nimebakiza mtu mmoja. Baba mtoto, aliyebaki Handeni na kazi zake, ambaye kwenye tarehe za kodi ya nyumba ni msahaulifu mkubwa, amekuwa bingwa wa kalenda. Kila jioni anapiga. Anauliza mtoto, anauliza mama, anauliza hali ya hewa ya Korogwe, kisha sauti inashuka: "Na arobaini imebaki siku ngapi?" Nimemweleza kwamba arobaini ni ya wazee na msamba hauna kalenda. Wengi hupona ndani ya wiki chache, wengine zaidi, na ruhusa haitolewi na tarehe. Inatolewa na kidonda kilichofunga, damu iliyokatika, na mwenye mwili kutaka. Nimemweleza pia kwamba mimba nyingine inaweza kuingia kabla hata ya kuona siku zangu, kwa hiyo siku ya 42 tunakwenda kliniki wote wawili, na uzazi wa mpango tunauongea kwanza. Akasema sawa. Kesho yake akauliza tena.

Basi nimeweka utaratibu, na naomba usambazwe Manundu na Chanika. Anayekuja kumwona mtoto aje na dumu la maji, au papai lililoiva, au pakiti ya pedi. Asiyekuwa nacho afue nepi mbili. Mtoto atamwona, kafanana na baba yake, masikio yote mawili, hilo limekwisha. Godoro ni langu, asikalie upande wangu. Na baba mtoto akipiga simu leo jioni kuuliza zimebaki ngapi, simu apewe mama mkwe wake, wazungumze wao.